Shambulio la Mwisho Si Wazimu

Jibu hili limenichosha. Nikiwauliza vijana wa hapa Tanga wanaoniletea hadithi zao za vita kwa nini mfalme ameshambulia ilhali ameshaelemewa, nasikia lile lile: "Alichanganyikiwa, mwalimu." Hapana! Aliyeelemewa ndiye anayepiga hesabu kali kuliko wote, kwa kuwa hana tena cha kutumia ovyo.

Katika hadithi ya karibuni kuna visiwa viwili vya kubuni. Mfalme wa kaskazini amebakiwa na majahazi machache, na yote anayatuma kusini. Mwandishi anasema hasira zilimpanda. Lakini kurasa chache nyuma ametuambia mwenyewe kuwa ni mwezi wa pili, na yeye ni mtoto wa pwani! Kaskazi inaelekea kwisha. Upepo ukigeuka, majahazi hayateremki tena, na kusi ikishika itawapandisha washirika wa adui. Basi mfalme anachagua kupigana sasa akiwa na nafasi finyu, au kungoja mpaka asiwe nayo kabisa. Sababu imo ndani ya hadithi, mwandishi kaipita.

Ludendorff, jenerali wa Ujerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alibanwa na muda vivyo hivyo mwaka 1918. Urusi ilikuwa imejitoa vitani, vikosi vya mashariki vikahamishiwa Ufaransa, lakini Wamarekani nao walikuwa wakiwasili. Akashambulia Machi 21, kabla hawajawa wengi.

Kinachoniudhi zaidi ni kuchanganya shabaha na kusudi. Shabaha unaionyesha kwa kidole kwenye ramani. Kusudi ni kile unachotaka kitokee ukishaifikia. Desemba 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia, Wajerumani walipoingia misitu ya Ardennes, shabaha ilikuwa bandari ya Antwerp, Ubelgiji. Kusudi lilikuwa kuwatenganisha Waingereza na Wamarekani, kwa matumaini kwamba ushirika wao ungevunjika. Mtu anaweza kuteka mji na kusudi likamponyoka. Anaweza pia kuuteka bila nia ya kukaa, ili tu aende kwenye mazungumzo ya amani akiwa na kitu mkononi.

Hata vita vya hapa kwetu vya Novemba 1914, Waingereza walipojaribu kuiteka Tanga kutoka kwa Wajerumani, watu huvisimulia kwa nyuki waliowauma askari tu. Reli ya kwenda Moshi, iliyoanzia bandarini Tanga na kuufanya mji uwe shabaha, haitajwi. Na von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani aliyewashinda Waingereza hapa, aliendelea kupigana hadi alipojisalimisha Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, Novemba 25, 1918. Hakutegemea kuishinda Uingereza Afrika. Alitaka majeshi ya Waingereza yashughulike huku, yasipelekwe Ulaya.

Hapo ndipo mashaka yangu yanapoanza. Nyaraka hutuonyesha amri iliyotolewa. Moyo wa aliyeitoa hauonekani, na majenerali wengi walieleza nia zao baadaye, wakijisafisha. Fahari na hasira zilikuwepo, sikatai, na sijui namna ya kuzitenga na hesabu. Mwaka ule wa 1918, askari wa Ludendorff waliofika mji wa Albert, Ufaransa, walikuta maghala ya Waingereza yamejaa chakula na pombe, wakasimama kula na kunywa. Ujerumani ilikuwa na njaa, na njaa hiyo nayo ilimharakisha. Ila alitaka nini hasa baada ya kuvunja safu ya adui? Wanahistoria bado wanabishana, na mimi kila nikifuata jinsi alivyobadilisha mwelekeo wa mashambulizi kati ya Machi na Julai, naona mtu aliyejua vizuri kwa nini hawezi kungoja, lakini hakuwa na uhakika anakwenda wapi.