Kifurushi na Namba Yake: Dhana Potofu Kuhusu Kufuatilia Udhaifu wa Programu Huria

Kila anayetunza seva huletewa, mapema au baadaye, ripoti ndefu ya ukaguzi yenye mistari myekundu, na kila mstari una jina la kifurushi (programu iliyofungashwa tayari kuwekwa kwenye mfumo), namba ya toleo na namba ya CVE, yaani namba ya utambulisho wa udhaifu uliotangazwa. Wapo wanaoipokea kwa hofu, wakaanza kubadilisha kila kitu usiku huohuo. Wapo waliokwisha kuizoea, wakaifungia kabatini. Wote wanaumia, na kwa maoni yangu kinachowaumiza ni dhana chache ambazo tumezibeba miaka mingi bila kuzihoji. Nitatumia zaidi mifano ya Debian, mfumo endeshi huria, kwa sababu kumbukumbu zake za usalama ziko wazi kwa kila mtu na ndizo ninazozisoma kila siku.

Dhana: Toleo lenye namba ya zamani lina tundu, na dawa yake ni kuhamia toleo jipya kabisa.

Tarehe 7 Aprili 2014 ulitangazwa udhaifu wa Heartbleed, CVE-2014-0160, katika OpenSSL, maktaba inayolinda mawasiliano ya tovuti, barua pepe na huduma nyingine nyingi. Kosa lenyewe lilikuwa dogo kwa kulitazama. Kompyuta moja hutuma ujumbe mfupi wa kuuliza kama mwenzake bado yupo na kutaja urefu wa ujumbe huo. OpenSSL iliuamini urefu uliotajwa bila kuupima. Mwenye nia mbaya aliweza kutuma neno moja tu, akadai ametuma baiti zaidi ya 60,000, na seva ikajazia pengo kwa kumchotea chochote kilichokuwa jirani kwenye kumbukumbu yake, hata nywila na funguo za siri. Matoleo yaliyoathirika yalikuwa 1.0.1 hadi 1.0.1f, na mradi wa OpenSSL ulitoa 1.0.1g kama tiba.

Debian 7 ilikuwa na 1.0.1e, na haikuhamia 1.0.1g. Watunzaji wake walichukua kiraka kile, yaani marekebisho ya kosa lenyewe, peke yake, wakakishona kwenye 1.0.1e, na kifurushi kikatoka na namba 1.0.1e-2+deb7u5. Isome polepole: 1.0.1e ni toleo la mradi wenyewe, 2 ni namba ya ufungashaji wa Debian, na deb7u5 ni sasisho la tano kwa Debian 7. Skana, yaani chombo cha ukaguzi, inayosoma 1.0.1e na kuishia hapo itatangaza hatari ambayo haipo tena. Debian 6, iliyobaki na tawi la zamani zaidi la 0.9.8, haikuguswa na Heartbleed hata kidogo, kwa kuwa kipengele chenye kosa hakikuwamo katika tawi hilo. Aliyekuwa nyuma zaidi ndiye aliyekuwa salama.

Utaratibu huu si uvivu wa kusasisha. Mtu anayeendesha mfumo wa malipo au wa hospitali anahitaji tundu lizibwe bila tabia ya programu kubadilika, na toleo jipya kabisa huja na mabadiliko mengine kadhaa ambayo hakuyaomba.

Tena dhana hii ina upande wa pili, nao ni mbaya zaidi. Mwaka 2006 kifurushi cha OpenSSL cha Debian kiliondolewa mistari michache ya msimbo ambayo chombo cha ukaguzi kilikuwa kikiilalamikia. Mistari hiyo ndiyo iliyokuwa ikichanganya data za kubahatisha zinazozalisha funguo, na bila yake kilichobaki cha kutofautisha funguo moja na nyingine kilikuwa, kimsingi, namba ya mchakato, ambayo haizidi takriban 32,000. Funguo zilizodhaniwa kuwa hazikisiki zikawa za kuhesabika. Tatizo lilitangazwa Mei 2008 kama CVE-2008-0166, nalo halikuwamo katika OpenSSL ya mradi wenyewe. Kwa hiyo namba ya toleo la mradi inaweza kukutisha bure, na inaweza pia kukutuliza bure. Kinachofuatiliwa ni kifurushi ulichonacho, kutoka kwa aliyekifungasha.

Dhana: Alama ya juu ndiyo hatari kubwa, basi tuanze na zenye 9 na 10.

Alama za CVSS, kuanzia 0 hadi 10, hupima ukali wa udhaifu kwa jumla, bila kujua programu imewekwa wapi wala inatumikaje. Log4Shell, CVE-2021-44228, udhaifu wa Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za matukio, ilipewa 10.0 Desemba 2021 na ilistahili, kwani mstari mmoja wa maandishi, ukiandikwa mahali ambapo Log4j ingeuingiza kwenye kumbukumbu za matukio, ulitosha kumwezesha mshambuliaji kuendesha msimbo wake ndani ya seva. Sasa tazama CVE-2020-19909, iliyochapishwa Agosti 2023 kuhusu curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni. Mtumiaji mwenyewe akiandika namba kubwa kupita kiasi katika chaguo la muda wa kusubiri kabla ya kujaribu tena, hesabu hufurika na curl husubiri muda usio sahihi. Ni hivyo tu, na kosa hilo lilikuwa limerekebishwa tangu 2019. Hata hivyo, NVD, hifadhidata ya udhaifu ya Marekani, iliipa 9.8, hadi Daniel Stenberg, mwanzilishi wa curl, alipopinga hadharani na alama ikashushwa mpaka 3.3.

Ninaamini swali la kwanza liwe kama udhaifu huo unatumiwa kweli na washambuliaji. Shirika la usalama wa mtandao la Marekani, CISA, limekuwa likitunza orodha ya udhaifu wa namna hiyo tangu Novemba 2021, nayo ni fupi mno ukiilinganisha na orodha nzima ya CVE.

Dhana: Kiraka kikishawekwa, kazi imekwisha.

Maktaba iliyosasishwa kwenye diski haiingii yenyewe katika programu ambayo tayari inaendeshwa. Programu hiyo huendelea kutumia nakala ya zamani iliyomo kwenye kumbukumbu mpaka iwashwe upya. Debian ililiona hili wakati wa Heartbleed, ndiyo sababu tangazo lake la usalama, DSA-2896, lilirudiwa kwa sasisho lililopendekeza huduma za kuwashwa upya. Leo chombo kiitwacho needrestart hufanya kazi hiyo. Na kama funguo zilikwisha kuvuja, kiraka hakizirudishi: ni lazima zitengenezwe nyingine.

Vilevile kiraka cha kwanza huenda kikawa pungufu. Log4j ilitoa 2.15.0, ikafuata 2.16.0, kisha 2.17.0 na 2.17.1, kila moja ikiziba kilichoachwa au kilichogunduliwa baadaye, yote ndani ya mwezi mmoja. Aliyefunga jalada baada ya 2.15.0 alilifunga mapema. Na waliotumia faili za Java zilizobeba Log4j tumboni mwao hawakuiona kabisa kwenye orodha ya vifurushi vya mfumo, maana haikuwekwa kwa njia hiyo.

Dhana: Msimbo ukiwa wazi, lazima kuna mtu aliyekwisha kuusoma.

Uwazi unaruhusu kusoma. Haumlazimishi mtu yeyote. Heartbleed ilikaa wazi miaka miwili. Machi 2024 mhandisi Andres Freund, akipima kasi ya programu nyingine kabisa, aliona kuingia kwenye kompyuta kwa SSH, njia ya kuingia kwa mbali, kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, akafuatilia mpaka akakuta mlango wa siri katika xz, programu ya kubana data, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, uliopewa namba CVE-2024-3094. Sehemu ya mtego huo haikuwamo katika hazina ya msimbo ambayo watu huitazama. Ilikuwa ndani ya faili zilizofungashwa kwa ajili ya usambazaji. Toleo thabiti la Debian halikuathirika, kwa kuwa vifurushi hivyo vilikuwa vimefika kwenye matawi ya majaribio tu.

Dhana: Kuna mashine inayofanya haya yote.

Debian Security Tracker, orodha ya Debian ya kufuatilia udhaifu, hujengwa juu ya faili la maandishi ya kawaida, na walio nyuma yake ni watu wanaosoma CVE moja baada ya nyingine wakiamua kama kifurushi kimeathirika, hakikuathirika, au tatizo ni dogo kiasi cha kusubiri. Idadi ya CVE ilifikia takriban 40,000 kwa mwaka 2024 pekee, na mwaka huohuo NVD ilianza kulemewa na uchambuzi wake. Aprili 2025 mkataba wa shirika la MITRE wa kuendesha mpango wa CVE ulikuwa karibu kuisha, ukaongezwa dakika za mwisho.

Anayetaka kuanza leo kwenye Debian aweke kifurushi cha debsecan, kinachoorodhesha udhaifu wa vifurushi vilivyowekwa, na aendeshe debsecan --suite bookworm --only-fixed, akiandika jina la toleo lake kama si bookworm (Debian 12). Itamletea tu udhaifu ambao kiraka chake kimekwisha kutolewa, na orodha hiyo kwa kawaida humalizika kwa amri moja ya kusasisha, apt upgrade, na kuwasha upya huduma zilizoguswa.