Je, wajua kwa nini mrehani uliotiwa mbolea sana haunukii sana?

Hapa kwetu Mombasa mrehani ni wa kikuba kabla ya kuwa wa chakula, unafungwa pamoja na asumini na mkadi, mtu akipita na kikuba chake harusini unajua kapita. Wangu niliuotesha kwenye dumu la kukata na nikawa nautia CAN, ile mbolea ya dukani ya nitrojeni, kila wiki, kwa sababu nilikuwa na hakika kabisa kwamba mbolea ndiyo inayogeuka kuwa harufu, ukitia nyingi utanukia zaidi. Majani yakatoka mapana, kijani cha kupendeza, lakini ukiyafikicha harufu nyepesi. Jirani yangu naye, mrehani wake hajautia ila samadi ya mbuzi mara moja, na ukiugusa tu kwa nguo basi nguo inanukia mpaka usiku.

Kumbe niliianza hesabu vibaya tangu mwanzo. Harufu ya mrehani ni mafuta yaliyo kwenye vijifuko vidogo sana vya jani. Geuza jani juani uangalie mgongo wake, utaona vidoti vinang'aa, na ukifikicha ndio unavipasua. Ndani mna vitu kama linalooli na eujenoli, na hii eujenoli ndiyo ile ile ya karafuu, ndiyo maana kuna mirehani ukiinusa unakumbuka pilau. Sasa ifungue linalooli uone imeundwa na nini: kaboni 10, haidrojeni 18, oksijeni 1, basi. Eujenoli nayo kaboni 10, haidrojeni 12, oksijeni 2. Sasa tafuta vile vya mbolea: nitrojeni hamna, fosforasi hamna, potasiamu hamna! Mbolea ya urea ina nitrojeni asilimia 46 na hata chembe yake moja haimo kwenye harufu ile. Harufu imetokana na hewa na maji, jua likapika. Mimi jambo hili lilinishangaza sana na mpaka leo nikinusa mrehani nalikumbuka.

Basi nitrojeni kazi yake nini? Ni ya kujengea protini, yaani mwili wenyewe wa jani, na hapo ndipo mvutano unapotokea. Mmea una kitu kinaitwa fenilalanini, kinaweza kwenda kujenga protini au kinaweza kwenda kutengeneza eujenoli na asidi ya rosmariniki, ambayo ndiyo moja ya antioksidanti kubwa za mrehani, yaani vitu vinavyokinga seli zisiharibike. Ifikirie kama soda ya chupa ya kurudisha. Kaboni ndio soda, nitrojeni ndio chupa. Fenilalanini ikienda kwenye protini, soda na chupa vyote vinakaa huko, imekwisha. Ikienda kwenye harufu, mmea unamimina soda na chupa inarudi dukani kujazwa tena. Sasa chupa zikiwa adimu, njia ya kumimina na kurudisha inaufaa mmea, kwa hivyo soda nyingi inaishia kwenye harufu na asidi ile. Ukimwaga CAN chupa zinakuwa tele, mmea unajenga tu, majani juu ya majani, na cha kumimina kinabaki kidogo. Majaribio ya mrehani uliopewa nitrojeni kidogo yameonyesha asidi ya rosmariniki ikipanda kwenye jani, na mengine yakaonyesha potasiamu nayo inasaidia.

Lakini msikimbilie kuunyima kabisa. Kwanza vimeng'enya vinavyotengeneza harufu navyo ni protini, bila nitrojeni havipo, na mmea wenye njaa unakuwa manjano na majani matano, utafunga kikuba gani? Pili, linalooli inapita njia nyingine kabisa, hii habari ya chupa haiihusu moja kwa moja, na kwenye mafuta majaribio hayakubaliani: yapo ya shambani ambako nitrojeni iliongeza mafuta kwa jumla, kwa sababu majani yenyewe yalikuwa mengi. Anayekamua mafuta anahesabu kwa shamba, sisi wa kikuba tunahesabu kwa jani. Halafu mbegu nayo ina neno lake kubwa, mrehani wa aina moja unanukia karafuu na wa pili unanukia kama bizari tamu, na hapo hata ubadilishe mbolea vipi hutaugeuza.

Dumu langu nimeacha kulitia CAN, nimetia samadi iliyooza vizuri kiganja kimoja. Majani mapya yametoka madogo na magumu kidogo, na jana nimeyafikicha kabla ya magharibi, vidole vilikuwa bado vinanukia wakati wa kula.