Shule "mbovu" ni ipi? Yanayosemwa kuhusu matokeo ya sekondari za serikali Uganda

Matokeo ya UNEB, baraza la mitihani la taifa, yakitoka, wiki hiyohiyo wazazi wanaanza kupanga foleni ofisini kwetu wakitaka barua za uhamisho. Gazeti wamelikunja kwapani, na jina la shule yetu halimo kwenye orodha ya juu. Mimi nafundisha hesabu katika sekondari ya kutwa ya serikali wilayani Isingiro, jirani na makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Maneno ninayoyasikia kwenye foleni ile yananiuma, kwa sababu mengi si kweli.

"Shule iliyo juu gazetini ndiyo inayofundisha vizuri."

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kwanza, UNEB haipangi shule kwa nafasi. Orodha zile hutengenezwa na magazeti. Pili, tazama nani anaingia getini. Mtihani wa P.7, yaani darasa la saba la msingi, una masomo manne, na alama ya juu kabisa katika kila somo ni 1, kwa hiyo mtoto bora ana jumla ya 4. Shule kongwe za bweni kama Namilyango (1902), Gayaza (1905) na Budo (1906) nazo zinasaidiwa na serikali kama yetu, ila zinachagua watoto walioikaribia hiyo 4. Sisi tuko chini ya mpango wa elimu ya sekondari kwa wote ulioanza 2007, ambao unampokea hata mwenye 28. Miaka minne baadaye watoto hawa wote wanakalia mtihani mmoja, kisha tunalinganishwa kana kwamba walianza pamoja.

Mabasi mawili yakiingia Kampala saa moja, moja limetoka Mbarara na jingine limetoka Kabale, mbali zaidi, huwezi kusema yamekwenda sawa. Lakini gazeti linaandika saa ya kufika tu.

Tena kuna shule zinazomshauri mwanafunzi dhaifu ahamie kwingine kabla ya kusajiliwa mtihani wa S.4, yaani kidato cha nne. Asilimia ya waliofaulu inapanda bila mtoto hata mmoja kufundishwa zaidi. Wale waliosukumwa nje huja kwetu, na tunawapokea.

"Wakimbizi wanatushushia alama."

Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, wengi kuliko nchi nyingine yoyote Afrika, na Nakivale imewapokea tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Darasani kwangu wapo Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, wamekaa dawati moja na watoto wa Kinyankole.

Nitasema kosa langu mwenyewe. Binti mmoja kutoka Kongo alijibu zoezi la S.2, akaandika 3,5. Nikapiga mkasi kwa wino mwekundu, nikidhani ameandika namba mbili kama za kwenye grafu. Akaja mezani, daftari kalishika kwa mikono miwili. "Mwalimu, shikamoo. Kwetu hii ni tatu na nusu." Alikosoma, alama ya desimali ni mkato, si nukta. Hata kugawanya alikuwa anagawanya sawasawa, ila namba ya kugawia anaiweka kulia. Nilirudi kwenye daftari lote nikakuta majibu sita niliyoyakata ni sahihi.

Wiki iliyofuata alikwama tena, safari hii kwenye swali la mkulima aliyechukua pesa benki. Hesabu aliijua, neno la Kiingereza ndilo hakulijua. Nilipomwambia ni mkopo, alimaliza kabla sijafika dawati la pili. Mtihani hautamtafsiria mtu, na hapo ndipo alama zake zinapotea. Ukimwona kwenye kipindi cha Kiswahili, ambacho mtaala mpya umekifanya cha lazima S.1 na S.2, yeye ndiye anayezungukwa na wenzake wakiomba msaada. Mtoto ni yuleyule, kinachobadilika ni lugha ya swali.

"Wasichana wanaongezewa alama, ndiyo maana wanafaulu."

Hapana. Ile pointi 1.5 wanayoongezewa wasichana, iliyoanza 1990, ni ya kuingia chuo kikuu cha umma baada ya S.6. UNEB haimwongezei msichana chochote. Karatasi yake inasahihishwa kama ya kaka yake, ambaye pengine hakuchota maji asubuhi ile.

"Siku hizi hakuna divisheni, kwa hiyo wamelegeza mtihani."

Mtaala mpya ulianza na S.1 ya 2020, na kundi hilo likafanya mtihani wake wa S.4 mwaka 2024. Sasa kila somo linapewa herufi, A hadi E. Asilimia 20 inatokana na kazi za darasani, na 80 na mtihani wa mwisho. Mzazi anayeuliza "divisheni ngapi?" anauliza kitu ambacho hakipo tena. Na kundi hilo la kwanza msilisahau: walivaa sare ya S.1 wiki chache tu, Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Kuwaita watoto hao waliolegezewa ni kuwaonea.

"Shule ya serikali ni bure, anayeshindwa ni mvivu."

Serikali inalipa walimu na inatoa ruzuku kwa kila mwanafunzi. Chakula, sare na madaftari ni juu ya mzazi, na sheria ya elimu ya 2008 inasema waziwazi kwamba chakula na mavazi ni jukumu la mzazi. Kwa hiyo saa saba mchana kengele ya chakula inalia, na darasa linagawanyika. Waliochangia wanakwenda jikoni na sahani zao kuchukua posho, yaani ugali, na maharagwe. Waliobaki wanakwenda kwenye bomba, wanakunywa maji, wanakaa chini ya mti wakijifanya wanasoma.

Kipindi changu cha S.4 kilikuwa saa nane kamili. Nilianza kuandika pembeni ya rejista nani amekula na nani hajala, na kwa mwezi mmoja niliona majina yaleyale yakisinzia na majina yaleyale yakiacha swali la mwisho. Nilipompelekea mwalimu mkuu rejista ile, aliisoma kimya, akachukua penseli akabadilisha ratiba. Sasa hesabu za S.4 ni saa mbili na nusu asubuhi.