Mbwa akianguka kifafa, mdomo wake uwache: maswali ninayoulizwa kila mara

Mimi ni daktari wa mifugo, Unguja. Wanaoniletea mbwa wengi wao ni watu wa shamba wenye mbwa wa ulinzi, na wasasi, na wachache waliofuga tu kwa mapenzi. Mbwa mwenye kifafa hanitishi, kifafa kina njia zake. Kinachonitisha ni mkono wa mwenye mbwa. Juzi kaja mzee mmoja kutoka upande wa Kusini, mkono wa kulia kaufunga kanga iliyolowa damu, wa kushoto kashika kijiko cha chuma kilichopinda. Mbwa mwenyewe yuko chini ya benchi, mzima, analamba maji. Kidole cha shahada cha mzee ndicho kilichopasuka hadi mfupa. Nikamuuliza, "Babu, kijiko cha nini tena?" Akanambia, "Cha kumzuia asiumeze ulimi." Kwa ajili yake, na wengine wengi kama yeye, nimekaa kuandika haya.

Swali: Kifafa cha mbwa ni nini hasa?

Ni ubongo kurusha umeme wake ovyo kwa muda. Mbwa anaanguka ubavu, anakakamaa, kisha miguu inapiga kama anaogelea. Taya zinagongana, povu linatoka, na mara nyingi mkojo na choo vinamtoka. Kwa kawaida ni dakika moja au mbili. Wakati huo hana fahamu, hasikii maumivu wala hakusikii wewe unayemwita. Akizinduka huwa amepotewa: anayumba, anagonga ukuta, pengine haoni, anazunguka palepale. Hali hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa, kisha anarudi kuwa mbwa wako.

Swali: Nimtie nini mdomoni asiumeze ulimi?

Usimtie kitu. Mbwa hawezi kuumeza ulimi wake, umeshikana na sakafu ya kinywa. Huenda akaung'ata kidogo, na utapona. Lakini taya za mbwa aliyeanguka zinabana bila ya yeye kujua, na hazifunguki kwa sababu wewe ndiye unayemlisha. Kijiko kinamvunja meno. Kijiti kinakatika na kumsakama. Kidole ni chako.

Swali: Hata kitambaa laini?

Hata kitambaa.

Swali: Mafuta ya nazi, je? Au maziwa, maji ya chumvi, maji ya kitunguu?

Hapana, hapana, na hapana. Aliyepoteza fahamu hamezi. Unachomimina kinashuka mapafuni, na mbwa ambaye kifafa kingemwachia baada ya dakika mbili anakufa siku ya tatu kwa nimonia. Nimeletewa mbwa wa namna hiyo: anapumua kwa kukoroma, pua inatoa uchafu wenye harufu ya mafuta ya nazi, na mwenyewe ananambia kwa uhakika kabisa kuwa yale mafuta ndiyo yaliyomzindua. Hayakumzindua. Kifafa kilikwisha chenyewe. Mafuta yalimuua. Maji na chakula mpe akishasimama vizuri na kukutambua.

Swali: Kwa hiyo nikae nimtizame tu?

La, una kazi. Kwanza tizama saa, maana dakika moja ya kumwangalia mnyama wako anatapatapa unaiona kama kumi. Sogeza viti, mawe, jiko la mkaa, chochote anachoweza kujigonga. Akiwa karibu na ngazi au kisima, mvute taratibu kwa miguu ya nyuma au kwa shuka, usimshike kichwa. Usimkandamize wala usimfunge kamba. Toa watoto na mbwa wengine, punguza kelele, zima redio. Simu unayo mkononi, basi mrekodi: video ya nusu dakika inanieleza zaidi kuliko maelezo ya watu watano waliokuwapo. Akizinduka usimkumbatie. Hajakujua bado, na ndipo wengine wanapoumwa.

Swali: Lini nimkimbize kwa daktari?

Ikipita dakika 5 bila kuachia, ondoka na mbwa hapo hapo. Akianguka mara mbili au zaidi ndani ya saa 24, ondoka. Akianguka tena kabla hajazinduka, ondoka. Kifafa kirefu kinapandisha joto la mwili hadi kuunguza ubongo, na kwa joto letu la kaskazi hilo linakwenda mbio. Njiani mloweshe tumbo na nyayo kwa maji ya kawaida, si barafu, fungua madirisha, na mdomoni usimwagie hata tone. Akianguka mara ya kwanza kwa dakika moja na akarudi sawa, mlete kesho yake. Nimesema kesho, sikusema baada ya sikukuu.

Swali: Watu wanasema amepandwa na pepo, tumfukizie kwanza.

Hili ndilo linalonichelewesha wagonjwa. Wanamfungia mbwa bandani na moshi wa ubani, siku mbili tatu, anaanguka mara kumi, na anapofika kwangu joto lake halisemeki. Sina ugomvi na dua ya mtu. Anayetaka kusoma na asome, lakini asome akiwa ndani ya gari, mbwa yuko njiani kuja.

Swali: Nitajuaje kama ni kifafa na si kichaa cha mbwa?

Mwenye kifafa anaanguka, anazinduka, kisha anakula, anatikisa mkia, anakuwa yuleyule hadi siku nyengine. Mwenye kichaa harudi. Tabia inabadilika na kuzidi siku hadi siku: mpole anakuwa mkali, au mkali anajificha gizani. Sauti inakauka, taya linalegea, mate yanachuruzika, kumeza kunamshinda, naye pia anaweza kuanguka na kutapatapa. Tangu dalili zianze kwa kawaida hapiti siku 10 yuko hai.

Hapa nisikilizeni vizuri. Mbwa wa kichaa asiyeweza kumeza anaonekana kama aliyesakamwa na mfupa. Mtu mwema anamfungua kinywa kumtafutia huo mfupa. Hakuna mfupa. Kuna mate yenye virusi na mkono wenye michubuko. Ndiyo maana nikaliita jambo hili moja tu: usitie mkono kwenye mdomo wa mbwa asiyejiweza, liwe ni kifafa au lisiwe. Ukishuku kichaa, mfungie alipo, toa watu, mpigie sheha na ofisi ya mifugo ya wilaya. Usimuue ukamtupa pwani, kwani kichwa chake kinahitajika kwa uchunguzi.

Swali: Nimeshaumwa. Mate ya mbwa ni najisi, nimeosha mara saba, moja kwa udongo. Bado kuna kitu?

Bado. Ile ni tohara, ina mahala pake na haina mjadala na mimi. Kidonda ni jambo jengine. Kioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na udongo usiuingize ndani yake, utajitafutia pepopunda. Usitie mafuta taa, usitie pilipili, usitie majani. Kisha nenda hospitali siku ile ile, wao ndio wataamua chanjo. Nenda hata kama kidonda ni kidogo, nenda hata kama mbwa ni wako. Kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili, chanjo inamwokoa. Na mbwa wako akiwa na chanjo ya kila mwaka kuanzia miezi mitatu, usiku huo nyote mtalala na amani kubwa zaidi.

Swali: Kifafa kinatoka wapi?

Kwa mbwa aliyeanza kuanguka kati ya miezi sita na miaka sita, na baina ya matukio ni mzima, mara nyingi ni la kuzaliwa nalo. Mtoto wa mbwa ambaye hakuchanjwa, anayekohoa na macho yana tongo, nashuku distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa. Wanaokuja kwa mkupuo ni wa sumu: sumu ya panya, sumu ya konokono, na dawa ya kupe ya ng'ombe iliyokorogwa kwa kukisia. Mfuniko mmoja wa ng'ombe si mfuniko wa mbwa! Ukija, njoo na chupa.

Swali: Ameanza vidonge, na mwezi wa pili sasa hajaanguka. Niwache?

Usiwache. Hajaanguka kwa sababu vidonge vinamzuia. Fenobabitoni, ndiyo dawa ya vidonge hivyo, hupewa kila baada ya saa 12, inachukua kama wiki mbili kutulia mwilini, na mwanzoni atayumba, atakunywa maji sana, atakojoa sana, atakula hadi sahani. Hayo yanapungua. Ukiikata ghafla, kifafa kinarudi kikali kuliko kilivyokuwa, na hicho ndicho kinachoua. Wala usimpe vidonge vya kifafa vya jirani au vya mtoto, dozi yake inapimwa kwa uzito wake, na damu inachukuliwa mara kwa mara kuangalia ini. Huenda bado akaanguka mojamoja. Andika kila tukio: tarehe, saa, dakika ngapi.

Dawa hii inatoka kwa cheti cha daktari na si kila duka inalo, na ninyi wa Pemba mnajua siku boti haziendi. Hesabu vidonge kila Ijumaa. Vikibaki vya wiki mbili, nipigie.