Mtoto akinywa mafuta ya taa, maziwa hayasaidii

Hii ya kumpa mtoto maziwa akinywa mafuta ya taa tumekua nayo wote, eti maziwa "yanakata sumu". Hapana jamani. Chukua glasi ya maji, mimina mafuta ya taa kidogo, utaona yanakaa juu yanatandaa kama ngozi nyembamba, hayachanganyiki hata ukoroge vipi, yanavunjika tu vitone vitone halafu yanarudi juu. Maziwa nayo hayayageuzi kuwa kitu kingine, yanajaza tumbo tu, na tumbo likijaa mtoto anatapika, na hapo ndo balaa lenyewe.

Maana shida kubwa ya mafuta ya taa sio tumbo, ni mapafu. Ni mepesi mno, yanateleza haraka, mtoto akipaliwa hata kidogo, mililita moja hivi, yanatandaa mpaka kwenye vile vifuko vidogo vya hewa. Sasa utando unaofunika kila seli ya mapafu umejengwa zaidi kwa mafuta, na mafuta hupenda mafuta, kwa hiyo yale ya taa yanapenya, yanaulegeza, seli inavuja inakufa. Na kuna utando mwingine, ule wa majimaji ndani ya vifuko vya hewa unaozuia visijikunje, nao unaharibika, ndo unaona mtoto anakohoa, anahema mbiombio.

Kwa hiyo usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta ya kula (hiyo nayo nimeisikia!). Mvue nguo zilizolowa, muoshe kwa sabuni, mkimbize hospitali, na beba ile chupa daktari aione.