Ubongo ulivyozaa Bongo

Mimi ni mwanaisimu, na katika majina yote ya utani ya miji ya Tanzania hakuna ninalolipenda kama Bongo, la Dar es Salaam. Morogoro ni Mji Kasoro Bahari, Kigoma ni Mwisho wa Reli, hayo yanajieleza. Bongo linataka maelezo.

Halihusiani na ngoma za bongo, ambazo asili yake ni Kuba. Limetoka kwenye ubongo. Ukidondosha u- unabaki na bongo, na sarufi inakupa njia mbili: wingi, kama ukuta na kuta, au ukubwa, kama kikapu na kapu. Mimi naegemea ukubwa, maana mtaani mtu mwerevu husifiwa kuwa "bongo lake linachemka". Hilo li- ni la ukubwa.

Kwa nini basi Dar es Salaam? Baada ya vita vya Kagera vya 1978–79 fedha za kigeni ziliadimika, sukari na sabuni vikawa vya foleni, na mshahara ukawa hauvuki wiki ya pili. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, na mwaka huohuo sheria ya Nguvu Kazi: asiye na kazi inayotambulika alikamatwa na kupelekwa vijijini kulima. Kubaki mjini kulitaka akili. Karani alifuga kuku uani, mkewe akakaanga maandazi ya kuuza, na shughuli hizo zikaitwa miradi. Mpaka leo watu husema "mjini mipango". Katika jina hili nasikia sifa kwa wakazi kuliko lawama kwa mji, na ndiyo maana Wabongo wenyewe hulitamka kwa kujivuna.

Mwanzoni lilikuwa la Dar peke yake. Walio ughaibuni wakawa wanasema "narudi Bongo" wakimaanisha Tanzania nzima, na bongo fleva, muziki uliochipuka miaka ya 1990, ukalivusha mipaka. Leo ukiwa Nairobi, Mtanzania yeyote ni Mbongo, hata wa Songea asiyewahi kuiona Dar.

Kinachonifurahisha zaidi ni jinsi sarufi ilivyolipokea. Limezaa Mbongo, Wabongo na Kibongo, sawasawa na majina ya nchi. Halitaki -ni: tunasema "niko Bongo", hatusemi "Bongoni". Hata upatanisho umebadilika: bongo la kichwani linachemka, lakini Bongo tunayoishi ina mambo, kama Tanga au Dodoma.