Michezo inabadilisha jamii, ila sio vile tunavyoambiana

Kila mchezaji akifungua mdomo kuhusu haki au timu ikigoma, lazima utasikia mtu anasema jamani michezo iachwe iwe michezo. Halafu kuna wa upande wa pili, wanaoamini mpira una dawa ndani yake, ukidunda tu uwanjani basi waliokuwa wanachinjana wanakumbatiana. Mimi ni mtu wa viwanjani toka mdogo na haya maneno yote mawili yananiuma, sababu yanaficha kazi ya watu waliojitoa kweli. Nianze na hili la kwanza maana ndo linarudiwa sana.

DHANA: Michezo na siasa visichanganywe, ni vitu viwili tofauti.

UKWELI: Sisi Watanzania ndo wa mwisho kutakiwa kusema hivyo, historia yetu wenyewe inakataa. Chukua Filbert Bayi. Februari 1974, Christchurch kule New Zealand, Michezo ya Jumuiya ya Madola, mita 1500, jamaa akachomoka mbele toka mwanzo hakumsubiri mtu, akamaliza kwa dakika 3:32.2, rekodi ya dunia, na aliyekuwa anamfukuza nyuma, John Walker wa New Zealand, naye akapita chini ya rekodi ya zamani. Dunia nzima ikawa inasubiri hao wawili wakutane tena Olimpiki ya Montreal 1976.

Hawakukutana. Mwaka huo timu ya raga ya New Zealand ilienda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, wakati Juni 16 watoto wa shule Soweto walikuwa wamepigwa risasi kwa kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, lugha ya makaburu. Nchi za Afrika zikataka New Zealand itolewe Olimpiki, wakajibiwa kwamba raga sio mchezo wa Olimpiki kwa hiyo haiwahusu. Basi Tanzania na nchi nyingine zaidi ya 20 zikasusa. Walker akachukua dhahabu yake, Bayi hakuwepo.

Hapo ndo mtu anarukia dhana nyingine, kwamba ule mgomo ulikuwa hasara tupu, wakimbiaji wetu waliumizwa bure. Hasara ilikuwepo na wala siipunguzi. John Akii-Bua wa Uganda aliyechukua dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi Munich 1972 hakupata nafasi ya kuitetea. Kenya walikaa nje 1976 na wakakaa nje tena 1980, kwa hiyo Henry Rono, mtu aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, hakuwahi kukimbia Olimpiki hata moja, nikimfikiria huyu mtu roho inaniuma mpaka leo. Lakini angalia kilichofuata. 1977 viongozi wa Jumuiya ya Madola wakakubaliana Gleneagles, Scotland, kwamba kila nchi izuie watu wake kucheza na Afrika Kusini. 1981 Springboks, timu ya raga ya Afrika Kusini, wakaenda New Zealand, ileile New Zealand ya 1976, safari hii wenyeji wenyewe ndo wakaingia barabarani kwa maelfu, na pale Hamilton waandamanaji wakavunja uzio wakasimama katikati ya uwanja mpaka mechi ikafutwa. Afrika Kusini haikurudi Olimpiki mpaka Barcelona 1992.

Sisemi raga ndo iliangusha ubaguzi, hapana, watu walifungwa, walikufa, wafanyakazi waligoma, vikwazo vya uchumi viliwekwa. Ila yule kaburu aliyekuwa hasikii la mtu, raga yake alikuwa anaipenda, na aliponyimwa mechi habari ikamfikia sebuleni kwake.

Na kuna hii ya 1980 ambayo vijana wengi hawaijui. Marekani ilikuwa inataka dunia isusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu Wasovieti walikuwa wameivamia Afghanistan, Rais Carter akamtuma bondia Muhammad Ali azunguke Afrika kushawishi. Ali akatua Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye, na Ali mwenyewe akakutana na swali la kwa nini Marekani haikuiunga mkono Afrika ule mwaka 1976. Tanzania ikaenda Moscow. Bayi akarudi na medali ya fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akarudi na fedha ya mita 5000, na mpaka leo hizo mbili ndo medali pekee za Olimpiki tulizonazo. Sasa hapo utatenganisha vipi michezo na siasa?

DHANA: Didier Drogba, yule mshambuliaji wa mpira, alimaliza vita ya kwao Ivory Coast.

Hii inazunguka sana mitandaoni, na mimi mwenyewe niliwahi kuisambaza.

UKWELI: Oktoba 8, 2005, Ivory Coast waliifunga Sudan 3-1 pale Omdurman wakafuzu Kombe la Dunia la 2006, nchi yao ikiwa imegawanyika kaskazini na kusini toka 2002. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Drogba akashika kipaza sauti, wachezaji wa pande zote wamemzunguka, wakapiga magoti laivu kwenye tivii wakiwaomba wananchi wasameheane na waweke silaha chini. Hilo lilitokea kweli na lilikuwa zito. Ila mkataba wa amani ulisainiwa Ouagadougou Machi 2007, karibu mwaka na nusu baadaye, na uliandikwa na watu waliokaa mezani kubishana kuhusu uraia, vitambulisho na majeshi. Juni 2007 mechi na Madagascar ikapelekwa Bouaké, kwenye ngome ya waasi, wakashinda 5-0, nchi nzima ikaangalia kitu kimoja kwa wakati mmoja. Halafu baada ya uchaguzi wa 2010 vita ikarudi na watu wapatao 3000 wakafa.

Kwa hiyo Drogba hakumaliza vita, na kusema hivyo sio kumshusha, maana 2011 alikubali kuingia kwenye tume ya maridhiano, kazi ya vikao virefu ambayo hakuna anayeishangilia. Mbona hiyo hatuisambazi?

(Hata kinyume chake ni hivyohivyo. Ile "vita ya mpira" ya Honduras na El Salvador 1969 haikuletwa na mpira, ililetwa na ardhi na wahamiaji, mechi zilikuta moto unafuka tayari.)

DHANA: Wape vijana mpira, wataacha uhalifu.

UKWELI: Mtaani kwetu waliwahi kuja watu na bonanza la kupinga madawa ya kulevya, wakaleta jezi, mipira miwili na mbuzi wa mshindi, picha zikapigwa, wiki iliyofuata vijana walewale wamekaa palepale wakiwa na jezi mpya. Mpira peke yake unamaliza dakika 90 za siku, zilizobaki je?

Linganisha na MYSA, chama cha michezo cha vijana wa mtaa wa Mathare, Nairobi, kilichoanza 1987. Pale timu inapata pointi kwa kushinda mechi na pia kwa kufanya usafi wa mtaa, na hizo pointi za usafi zinaingia kwenye msimamo wa ligi kabisa, kwa hiyo mtoto wa miaka 12 akitaka kombe lazima ashike reki na toroli azoe taka kwenye mitaro. Miaka ya tisini wakaingiza na mpira wa wasichana. Kutoka humohumo ikazaliwa Mathare United, mabingwa wa Kenya 2008. Kule watu walikaa wakapanga sheria, wakazisimamia miaka na miaka, na mpira ukawa ndo sababu ya mtoto kuzifuata.

DHANA: Mwanamke akishaanza kushinda mbio, ameshajikomboa.

UKWELI: Septemba 2021 Agnes Tirop, mkimbiaji wa Kenya, alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake pekee, dakika 30 na sekunde 1. Oktoba 13 alikutwa ameuawa kwa kuchomwa kisu nyumbani kwake Iten, akiwa na miaka 25. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, hata mwezi haujapita vizuri toka akimbie marathoni ya Olimpiki Paris, akamwagiwa petroli na kuchomwa moto Trans Nzoia, Kenya, nyuma yake kuna ugomvi wa kiwanja alichonunua kwa jasho lake. Medali inaleta hela, na hela ikiingia kwenye nyumba ambayo mwanamke hana sauti inaweza ikamweka kwenye hatari kubwa zaidi, hasa pale ambapo mume au mwenza ndo anayeshika akaunti na hati za ardhi.

Wanariadha wenzake Agnes waliliona hilo. Baada ya mazishi wakaanzisha Tirop's Angels, mabinti wanaopigwa na kutishiwa majumbani wapate pa kusemea na wa kuwasaidia, na wanaoendesha kazi hiyo wamo wakimbiaji ambao asubuhi wako barabarani wanajifua kama kawaida.